Kabla ya Bili, Darasa

Tarehe 18 Januari 1883, kampuni ya shaba iitwayo Ansonia Brass and Copper Company, mjini New York, ilidaiwa dola 50 na senti 44 kwa umeme iliotumia. Deni hilo ndilo linalokumbukwa kuwa bili ya kwanza ya mtambo wa Thomas Edison wa Pearl Street. Mtambo wenyewe ulikuwa umewashwa tangu alasiri ya tarehe 4 Septemba 1882, ukianza na taa zipatazo 400. Miezi ile ya mwanzo wateja hawakulipa kitu. Edison alitaka kwanza waone kwamba mwanga wake unawaka usiku baada ya usiku, ndipo awaombe fedha.

Historia ya umeme husimuliwa zaidi kwa majina ya wavumbuzi na ukubwa wa mitambo. Lakini kati ya mtambo na mfuko wa mteja daima alisimama mtu mwingine: msoma mita, karani wa ankara, mhudumu wa dirishani. Mtu huyo hakuzaliwa akijua umeme ni nini wala unahesabiwaje. Alifundishwa. Na kila kipimo kilipobadilika, alilazimika kufundishwa upya. Naandika historia ya masomo hayo kwa sababu naamini bili inaaminika kwa kadiri tu ambavyo anayeikabidhi anaielewa.

Mizani ya zinki

Kuuza gesi ya taa kulikuwa kumezoeleka katika miji mikubwa kabla ya umeme. Gesi ilipimwa kwa ujazo, mita ilikuwa na mishale, na mteja aliyetaka angeweza kuitazama mwenyewe. Umeme haukuwa na ujazo wala uzito. Edison aliyeziona taa za gesi kuwa mshindani wake alijua kwamba bila kipimo hana biashara, kwa hiyo akatumia kemia.

Mita yake ilikuwa kisanduku kilichofungwa kwenye jengo la mteja. Ndani yake mlikuwa na chupa za kioo zenye maji yaliyoyeyushwa sulfeti ya zinki, na katika kila chupa mabamba mawili ya zinki. Mkondo wote wa mteja haukupita humo. Ilipitishwa sehemu ndogo tu, ambayo uwiano wake na mkondo mzima ulijulikana. Mkondo ulipopita, zinki ilitoka katika bamba moja ikajishika kwenye jingine. Ampea moja ikipita kwa saa moja huhamisha zinki ya gramu 1.22 hivi. Aliyewasha taa nyingi kwa saa nyingi alihamisha zinki nyingi, na aliyewasha chache alihamisha kidogo.

Kila mwezi mfanyakazi alifika, akatoa mabamba ya zamani na kuweka mapya, kisha akayapeleka ya zamani kwenye chumba cha mizani. Huko yalioshwa, yakakaushwa na kupimwa kwa mizani nyeti sana. Tofauti ya uzito iligeuzwa kuwa mkondo, mkondo ukawa saa za taa, na saa za taa zikawa dola.

Tufikirie elimu aliyohitaji mfanyakazi yule. Ilimpasa ajue kwamba mita yake hupima mkondo peke yake, na kwamba hesabu inakubalika kwa sababu msongo katika waya unashikiliwa karibu na volti 110 wakati wote. Ilimpasa ajue kwamba baridi huathiri maji ya chupa, ndiyo maana ndani ya kisanduku kuliwekwa taa ndogo iliyojiwasha joto liliposhuka mno. Ilimpasa awe na mkono mwangalifu, kwani zinki kidogo tu ikimomonyoka njiani, mteja anatozwa asichokitumia. Zaidi ya yote, ilimpasa amweleze mfanyabiashara wa Wall Street kwa nini vipande vya madini alivyochukua jana vinamdai fedha leo.

Watu wa namna hiyo hawakuwapo sokoni. Vyuo vilikuwa bado havijatoa mafundi wa kazi ambayo ndiyo kwanza inazaliwa. Kwa hiyo kampuni ya Edison ilifungua masomo ya usiku katika makao yake, jengo namba 65 la Fifth Avenue, ili kuwafunza vijana watakaofunga waya na kuendesha mitambo. Kwa hiyo kazi ya kuuza umeme na kazi ya kuufundisha zilianza chini ya paa moja, tena darasa lilitangulia mtambo.

Kadi za Morgan

Edison mwenyewe alisimulia baadaye kisa kinachoonyesha jinsi imani ya mteja inavyopatikana. Mwenye benki J. P. Morgan, ambaye ofisi yake ya 23 Wall Street ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaka, hakuiamini mita. Edison hakumtaka aamini kwa maneno. Alipendekeza kadi iwekwe kwenye kila taa, na kila anayewasha aandike muda wa kuwasha na wa kuzima. Mwisho wa mwezi, jumla ya kadi ingelinganishwa na hesabu ya mita.

Hesabu hazikulingana. Mita ilidai zaidi ya kadi, na mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo. Edison hakumwambia mteja kwamba mita haikosei, wala hakumpunguzia deni ili yaishe. Alipitia kumbukumbu, kisha akauliza juu ya mtunza jengo. Ikabainika kwamba mtunza jengo alikuwa akitumia taa ambayo haikuwekewa kadi. Saa zake zilipoongezwa, kadi na mita zikakaribiana kabisa.

Kisa hiki kinafaa kufundishwa hata leo kwa kila anayekaa dirishani kupokea malalamiko. Mteja aliyesema mita ni mbovu hakuwa mkorofi. Aliona saa alizozijua, mita ikaona saa zote. Kazi ya mtaalamu ilikuwa kuitafuta taa iliyosahauliwa. Nyumbani kwetu taa hiyo leo ni friji inayonguruma usiku kucha, pampu ya maji iliyoachwa, au waya wa jirani uliounganishwa nyuma ya ukuta.

Springi iliyozunguka

Mizani ya zinki haikudumu. Mwaka 1888, mhandisi Oliver Shallenberger wa kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh alikuwa akichunguza taa mpya iliyotumia mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Springi ndogo ikachomoka, ikaangukia karibu na koili ya taa ile, na ikaanza kujizungusha pale ilipolala. Wengi wangeiokota na kuendelea na kazi. Shallenberger alitambua kwamba mkondo wenyewe ndio unaoisukuma, na baada ya majuma machache akawa ametengeneza mita inayozunguka.

Mwaka uliofuata, Elihu Thomson nchini Marekani na Ottó Bláthy wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest walileta mita zilizopima nishati yenyewe, si mkondo tu. Mita ya Bláthy ni mzazi wa ile yenye kisahani cha alumini ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye kuta za nyumba za wazazi wetu, ikizunguka polepole usiku na kwa kasi pasi inapochomekwa.

Badiliko hili liliihamisha kazi kutoka chumba cha mizani hadi mlangoni kwa mteja. Sasa namba ilikuwa ukutani, mbele ya macho ya wote. Somo likabadilika pia. Mita nyingi zilikuwa na mishale minne au mitano, kila mmoja ukizunguka kinyume cha mwenzake kwa sababu magurudumu yake yanasukumana kwa meno. Mshale ukiwa kati ya tarakimu mbili, husomwa ile ndogo. Anayesahau kanuni hiyo kwenye mshale wa maelfu humwongezea mtu uniti 1,000 kwa kupepesa jicho.

Kwa viwanda kulikuwa na mtego mkubwa zaidi. Mkondo wa kiwanda ni mkubwa mno kupita ndani ya mita, hivyo hupunguzwa kwanza kwa transfoma ndogo ya kupimia. Ikiwa transfoma inapunguza ampea 200 kuwa 5, kinachosomwa kwenye mita lazima kizidishwe kwa 40. Msomaji asiyejua hivyo huipa kampuni yake hasara ya sehemu 39 kati ya 40. Na akitumia mzidisho wa mita nyingine, humwonea mteja bila kujua.

Kwa nini uniti moja haina bei moja

Kupima kulipotulia, likaja swali gumu zaidi: kutoza. Tarehe 4 Novemba 1892, mhandisi Mwingereza John Hopkinson alitoa hotuba juu ya gharama za kugawa umeme, na hoja yake ingali moyo wa bei za umeme duniani. Alisema gharama za kampuni ni za aina mbili. Moja ni ya mafuta, inayopanda na kushuka kwa kadiri watu wanavyotumia. Ya pili ni ya kuwa tayari: mitambo, waya, majengo na watu, ambavyo hulipiwa hata kama hakuna anayewasha taa.

Chukua duka lenye taa 20 zinazowaka saa 1 kila jioni, na nyumba ya wageni yenye taa 5 zinazowaka saa 4. Uniti zao ni sawa. Lakini kwa ajili ya duka, kampuni lazima ijenge mtambo mkubwa mara nne, kisha mtambo huo ukae bure saa 23 zinazobaki. Kuwatoza sawasawa kunaonekana haki, ila aliyeigharimu kampuni kidogo anambebea mwenzake mzigo.

Katika mji wa pwani wa Brighton, mhandisi wa umeme wa mji, Arthur Wright, aliligeuza wazo hilo kuwa chombo. Kipimo chake kilikuwa mrija wa kioo wenye kimiminika. Mkondo mkubwa uliipasha hewa joto, hewa ikasukuma kimiminika, nacho kikamwagikia upande wa pili kisiweze kurudi. Kilichokusanyika kilionyesha kilele cha matumizi ya mteja tangu mita iliposomwa mara ya mwisho. Mteja alilipa bei ya juu kwa saa za kwanza za kilele hicho, kisha bei ya chini kwa uniti zilizofuata.

Mwishoni mwa mwaka 1894, Samuel Insull alifika Brighton mapumzikoni. Alizaliwa London mwaka 1859, akawa katibu wa Edison mwaka 1881, na tangu 1892 aliongoza kampuni ya Chicago Edison, ambayo alipoanza ilikuwa na wateja wasiofika 5,000 katika jiji la watu zaidi ya milioni moja. Akitembea mitaani aliona maduka, makubwa kwa madogo, yakiwa yamejaa mwanga. Akauliza, akaelekezwa kwa Wright. Aliporudi alimtuma mtu wake, Louis Ferguson, aende akajifunze, na kabla ya karne kwisha Chicago nayo ikawa inatoza kwa namna ile. Bei za taa zilishuka, wateja wakaongezeka, na mitambo mikubwa ikapata kazi ya mchana na usiku.

Hata hivyo, bei ya sehemu mbili ni ngumu kuieleza. Mteja anaona majirani wawili wenye uniti sawa wakilipa tofauti, na jambo la kwanza linalomjia ni kwamba anaibiwa. Makarani, wasoma mita na mawakala wa mauzo wote walihitaji kuielewa hoja ya Hopkinson vya kutosha kuirudia kwa maneno ya sokoni. Chama cha makampuni ya umeme cha Marekani, National Electric Light Association, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1885, kilibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka 1912 kilitoa kitabu cha mkononi cha mafundi wa mita, kikianza na misingi ya umeme na hesabu zake kabla ya kufika kwenye mita zenyewe. Mpangilio huo una hekima: anayekariri namna ya kusoma mita bila kujua inapima nini atababaika siku mita itakapoonyesha jambo asiloliona kwenye mfano.

Umeme na bili Afrika Mashariki

Huku kwetu umeme ulikuja mapema, ingawa kwa wachache. Dar es Salaam iliwashwa mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Mwaka huohuo mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar ili aimulike Mombasa. Makampuni ya Mombasa na Nairobi yaliungana mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting Company. Tanganyika ilipata makampuni mawili binafsi mwaka 1931, TANESCO na DARESCO, ambayo serikali ilianza kununua hisa zake mwaka 1964.

Kwa miaka mingi mpangilio ulikuwa uleule wa Chicago: mita ukutani, msoma mita getini, ankara baada ya mwezi. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ikaanza LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Kenya na Uganda nazo zilifuata njia hiyo, na neno tokeni au Yaka likawa la kila siku. Mteja sasa alilipa kwanza, akapewa tarakimu 20, akazibonyeza, mita ikampa uniti.

Mengi yalipona kwa LUKU. Ankara za kukisia ziliondoka, na mtu alipanga matumizi yake kwa fedha aliyonayo. Lakini msoma mita alipoacha kupita, yaliondoka pia mazungumzo ya getini. Maswali hayakwisha. Yalihamia kwenye simu, kwa mawakala na kwenye madirisha ya huduma, na mengi yakawa magumu zaidi, kwa kuwa mteja huona jambo moja tu: fedha ileile, uniti chache.

Kwa bei zilizoanza Tanzania Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti, na akivuka kiwango hicho uniti za ziada zilikuwa shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Linganisha na Brighton. Kwa Wright uniti za mwanzo zilikuwa ghali na zilizofuata rahisi, ili gharama ya mtambo irudi. Huku za mwanzo ni rahisi, ili kaya yenye kipato kidogo isikose taa. Mpangilio mmoja unalinda mtambo, mwingine unalinda mnyonge, na mhudumu lazima ajue lipi linafanyika katika bili iliyo mbele yake. Kilele cha Wright nacho hakikufa: wateja wakubwa wa Tanzania hutozwa pia kwa kilele cha mzigo walichofikia katika mwezi, kinachopimwa kwa kVA.

Mwaka 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Aliyenunua umeme wa shilingi 2,000 mwanzo wa mwezi aliona nusu ya fedha yake imeondoka kabla ya uniti ya kwanza. Kodi hiyo haikutungwa na mhudumu wa dirishani, lakini yeye ndiye aliyeulizwa. Asipojua kuitenganisha bei ya umeme, kodi ya ongezeko la thamani, tozo za umeme vijijini na kodi ya jengo, jibu lake litakuwa kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Mteja ataondoka akiamini ameibiwa, na hatalaumiwa kwa kuamini hivyo.

Novemba 2024

Mita za tokeni zilizoenea kutoka Afrika Kusini hutumia kanuni moja ya kimataifa. Kila tokeni hubeba muda wake, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni iliyotumika isiweze kurudiwa. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusasishwa kabla ya siku hiyo haingeweza kupokea tokeni mpya.

Kusasisha kulikuwa kwa vidole vya mteja mwenyewe. Alipewa mafungu mawili ya ziada ya tarakimu 20, ayaingize kwa mpangilio, ndipo aingize lile la uniti. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi zilifanya kampeni redioni, kwa ujumbe wa simu na mitaani. Wengi walishuku: kwa nini tarakimu ni nyingi, mbona mafungu mawili ya kwanza hayaleti uniti, je, si utapeli? Aliyefundishwa sababu angeweza kujibu kwa sentensi mbili: hesabu ya dakika za tokeni imefika mwisho, na tarakimu hizi zinaianzisha upya kwenye mita. Uniti ulizokuwa nazo hazipotei. Aliyefundishwa hatua bila sababu alibaki kurudia amri.

Ndiyo maana mafunzo ya wafanyakazi wa umeme, kwa maoni yangu, lazima yaanzie pale masomo ya Fifth Avenue yalipoanzia. Kwanza umeme wenyewe: mkondo, msongo, wati, na tofauti ya nguvu na nishati. Balbu ya wati 100 ikiwaka saa 10 imetumia uniti moja. Bomba la kuogea la wati 5,000 humaliza uniti hiyohiyo kwa dakika 12. Karani anayeweza kufanya hesabu hiyo mbele ya mteja, kwa vyombo vya mteja mwenyewe, amemaliza nusu ya malalamiko ya siku. Kisha mita: inapima nini, inakosea lini, inahakikiwaje. Kisha bei, mstari kwa mstari, pamoja na sababu ya kila mstari. Na mwisho subira ya kuitafuta taa isiyo na kadi.

Masomo haya hayapaswi kuachiwa wahandisi peke yao. Mhandisi hukutana na mteja mara chache. Mhudumu wa simu, wakala na fundi wa mtaani hukutana naye kila siku, na kwao ndiko shirika zima linakohukumiwa. Makampuni yetu hutenga mabilioni kwa nguzo, transfoma na mabwawa, na yanastahili kufanya hivyo. Sehemu ya fedha hiyo iende kwenye madarasa ya makarani, kila mwaka, na kila bei au mita inapobadilika, kabla mteja hajaletewa badiliko hilo. Mkulima wa Njombe anayelipa shilingi zake kabla ya kuwasha taa ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, zimekwenda wapi.